Salamu Nyuma ya Kijiko

Baba yangu hakuipenda kazi yangu tangu siku ya kwanza. Alisema hajapata kuona mwanamke mzima, mama wa watu, analipwa kwa kupuliza filimbi na kupunga kitambaa. Nikamjibu kwamba na mimi sijapata kuona mzee wa kanisa anayedamka kila asubuhi kwenda kutazama udongo ukichotwa. Akacheka, akaniambia nina mdomo wa marehemu mama yangu, kisha akavaa kofia yake tukaondoka pamoja.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka ule. Barabara ya kupita kijijini kwetu, Muleba, ilikuwa inajengwa upya, na kifusi chake kilichimbwa rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja vyetu vya migomba na kahawa. Mimi nilikuwa nikikaa Rwamishenye, mjini Bukoba, nikiuza sabuni na sukari katika duka lililokuwa likinila badala ya kunilisha. Niliposikia kwamba kampuni inataka wafanyakazi wa vijiji vya karibu, nililifunga duka nikarudi kwa baba. Nilidhani nitapewa sepetu. Nikapewa filimbi, kofia ngumu, reflekta ya rangi ya chungwa na bendera mbili, nyekundu na ya kijani, nikaambiwa kazi yangu ni kuongoza kijiko.

Kijiko ndilo jina tulilolipa lile tinga la magurudumu makubwa lenye bakuli la chuma mbele, linalochota kifusi na kukimwaga kwenye malori. Kutwa nzima linakwenda mbele likichota, linarudi nyuma, linageuka, linamwaga, linarudi tena. Opereta wake alikuwa mtu wa Singida, mpole, mnene kidogo, ambaye Kihaya chake chote kilikuwa cha kuombea chakula. Siku ya kwanza alizima injini, akashuka, akaniita pembeni.

"Dada," alisema, "mimi na wewe tutakuwa na neno moja tu. Ukiuona uso wangu kwenye kioo cha pembeni, ujue na mimi nakuona. Usipouona uso wangu, mimi sina habari hata kama umezaliwa."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniambia wengi wanaoumizwa na mitambo huumizwa na mtu ambaye hakuwaona kabisa, na mtu huyo hulala na jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Tangu siku hiyo nilijifunza kusimama mahali ninapouona uso wake, na nikihama nilipuliza filimbi kwanza. Nikiinua nyekundu alisimama, hata kama fomeni alikuwa anapiga kelele upande wa pili kwamba malori yanasubiri. Alinitii kuliko nilivyowahi kutiiwa na mwanamume yeyote, na nilimwambia hivyo.

Lakini hayo yalikuwa baina yetu wawili. Watu wengine wote, wa kijiji na hata wa kazini, walikitazama kile kibanda cha vioo kilicho juu, chenye vioo mbele na nyuma na kulia na kushoto, wakaamini kwamba aliyeketi mle anaona mpaka sisimizi. Siwalaumu. Sisi tumekua tukijua kwamba aliye juu ndiye anayeona. Anayepanda mparachichi ndiye huwaambia walio chini kwamba mbuzi wa fulani ameingia kwenye maharage na mgeni anakuja njiani. Nani angefikiri kwamba mtu anaweza kuketi juu kiasi kile, amezungukwa na vioo, asimwone aliye nyuma ya gurudumu lake?

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata mimi sikuliona kuwa ni jambo. Kwetu mwanamke humwamkia mkubwa wake kwa kupiga magoti. Silitetei hapa wala silisuti. Mimi mwenyewe, na umri wangu huu, humpigia baba magoti kila asubuhi, magoti yakilalamika, na nisipofanya hivyo siku yangu haiendi vizuri. Baba alikuwa mtu wa heshima, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliyewafundisha watu wengi pale kijijini jinsi ya kupogoa kahawa. Basi alipofika kwenye machimbo asubuhi, wanawake waliobeba ndoo walizishusha wakapiga magoti palepale. Waliokuwa wanakata nyasi za kutandaza mashambani waliweka mundu chini wakapiga magoti. Yeye alikwenda akiitika, mmoja mmoja, bila haraka, akiuliza watoto wameamkaje na ng'ombe amezaa nini.

Kila asubuhi tulikuwa na kikao kifupi cha usalama. Tuliambiwa tuvae kofia na buti, tusisimame chini ya bakuli, tusikae kwenye kivuli cha lori. Waliotufundisha walikuwa watu wazuri, lakini walitoka mbali, na haikuwapitikia akilini kwamba mtu anaweza katikati ya kazi kujifanya nusu ya urefu wake na kubaki hapo kwa muda, ameinamisha uso. Nasi hatukuwaambia, kwa kuwa hatukujua kwamba tunafanya hivyo. Nani huhesabu pumzi zake?

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, alikuwa ndiye anayetulisha. Alizaliwa Kemondo, pale bandarini, na alikuwa na sauti ya watu wa bandarini, ya kuita mtu aliye ng'ambo. Saa ya chai alikuja na beseni kichwani, chai kwenye chupa kubwa, maandazi, na siku nyingine katogo, ndizi zilizopikwa na maharage. Mimi na yeye tuligombana kila siku na kupendana kila siku. Alikuwa akiniambia, "Wifi, hiyo filimbi ukiizoea sana utampulizia hata mchungaji." Baba alimpenda kuliko alivyotupenda sisi wanawe, wala hakujitahidi kulificha hilo.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo ulikuwa mwekundu na mtelezi. Malori mawili yalizibiana njia kwenye lango la machimbo, hili likiingia na lile likitoka, na madereva wakaanza kutukanana. Fomeni akaniita nikayaongoze. Niliinua nyekundu, opereta akasimama, nikaondoka. Nilipokuwa langoni, fomeni akamwashiria amalizie lori moja lililobaki nusu. Opereta alisita, nilielezwa hivyo baadaye na wengi, kisha akawasha.

Wifi yangu alipita nyuma ya kijiko akiwa mbali nacho, kama nilivyomfundisha. Opereta alimwona kwenye kioo, akamwona akienda zake, akageukia kazi yake. Ndipo baba akatokea kwenye njia ya nyasi, mbele ya wifi yangu, na wakakutana. Wifi akashusha beseni. Akapiga magoti, uso kwa baba, mgongo kwa mtambo.

Kijiko kilijaza bakuli kikaanza kurudi nyuma. Kina kengele inayolia kinaporudi, na siku ile ililia pia, ila ilikuwa inalia kutwa nzima, siku zote, na sisi tulikuwa tumeacha kuisikia.

Mimi nilisikia mayowe ya wanawake. Nilikimbia na bendera zote mbili mkononi, kana kwamba zilikuwa na kazi tena. Sitaeleza mguu wake ulivyokuwa. Nitaeleza tu kwamba beseni lilikuwa limekaa vizuri, limefunikwa kitambaa chake, halikumwagika hata tone, na kwamba wifi yangu alikuwa akiniita jina langu la utotoni, ambalo sikujua kama analijua. Opereta alikuwa ameshuka, amekaa kwenye tope, mikono kichwani. Baba alikuwa amesimama ameshika kofia kifuani, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti.

Walimkata mguu wa kushoto hospitalini Bukoba, juu ya goti. Madaktari walisema amshukuru Mungu, na nadhani walisema kweli, lakini yeye aliomba asiambiwe tena neno hilo mpaka atakapolianza mwenyewe.

Baba alikwenda hospitalini mara moja. Alifika mpaka kwenye baraza ya wodi akakaa kwenye benchi. Hakuingia. Tulipomwita alisema atasubiri tutoke. Njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na neno alilosema lilikuwa hili: "Yule mtu alimwona."

Akalirudia kanisani. Akalirudia kwa polisi walipokuja kuuliza, nao wakaandika. "Alikuwa juu pale, ana vioo kila upande. Alimwona." Opereta aliwekwa ndani kwa siku kadhaa, kisha wakaja watu wa kukagua, wakapima, wakaketi kwenye kiti chake, wakamwachia. Baba alisema wamehongwa. Nilijaribu kumweleza habari ya kioo na uso, akaniambia niache kumtetea mtu aliyemkata mwanawe mguu eti kwa sababu tunakula naye maandazi. Nilikasirika nikamjibu vibaya. Tulikaa siku mbili hatusemezani ndani ya nyumba moja, tukipishana mlangoni kama wapangaji.

Kazini mambo yalibadilika. Kampuni ilimleta mtu mwingine wa usalama, mwanamke, na huyu aliuliza badala ya kusema. Akaniuliza, "Kwa nini alikuwa chini? Alikuwa ameanguka?" Nikamwambia alikuwa anaamkia. Aliandika, akaacha kuandika, akaniomba nimwonyeshe. Nilipiga magoti mbele yake. Yeye akarudi nyuma akanitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Kumbe." Kesho yake zikaja kamba nyekundu na nyeupe, zikazungushwa machimbo yote, na tukapewa sheria: salamu zote nje ya kamba. Ukishaingia ndani hakuna kuamkia, hakuna kuamkiwa, hata aje askofu. Opereta naye asiguse ufunguo mpaka mimi niwe nimesimama mahali anaponiona, hata fomeni aseme nini.

Sheria hiyo nilikabidhiwa mimi niisimamie, na iliniharibia jina. Watu wa kwetu humsamehe mwizi upesi kuliko asiyesalimia. Bibi mmoja aliyekuwa akipita kukata nyasi aliniuliza kama nililelewa na nyani. Nilimpulizia filimbi mpaka akatoka nje ya kamba, na jioni nikaenda kwake nikampigia magoti yote mawili sebuleni, nikaamkia mpaka akachoka kuitika. Aliniambia amenisamehe ila nisirudie. Kesho yake nikarudia.

Wifi yangu alipotoka hospitalini alipelekwa kwa mama yake Kemondo. Tulisema ni kwa sababu ya kidonda, maana njia ya kwetu ni ya mteremko na mawe. Kidonda kikapona. Akapata magongo, akajifunza kuyatembelea. Kaka yangu alikwenda kila Jumapili kumchukua na kila Jumapili akarudi peke yake, akakaa jikoni akitazama sufuria. Mwisho nilikwenda mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kugombana.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake akimenya ndizi. Nilimuuliza bila kuzunguka: unarudi au hurudi?

"Wifi," aliniambia, "nitamwamkiaje?"

Sikumwelewa mara moja. Akaweka kisu chini.

"Nitamwamkiaje baba? Nisimame mbele yake na magongo yangu, nimwangalie kutoka juu kama askari wa benki? Kila asubuhi? Na wageni wake wanaona?" Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake: "Na hanitaki. Alifika hospitali hakuingia. Hajaja huku hata mara moja. Mkwe wa mguu mmoja wa nini? Mwambie mume wangu aoe mwingine."

Nilimwambia anasema upuuzi. Lakini nilirudi Muleba na jiwe kifuani, kwa sababu sehemu ya pili nisingeweza kuipinga. Kweli baba hakuwa amekwenda. Nilipomuuliza alisema tu, "Mwambie arudi, nyumba ni yake," akatoka kwenda kwenye kahawa.

Kila asubuhi bado alikuja machimboni. Alisimama nje ya kamba, hakuitika salamu ya mtu, akamkazia macho opereta mpaka saa ya chai. Yule mtu wa Singida alikonda. Akaniambia, "Dada, mzee wako atanimaliza. Akinitazama hivyo mikono yangu inatetemeka, na mikono ikitetemeka nitaua mtu kweli." Hapo ndipo nilipoamua. Niliona moyo wa baba umekwama kwa huyu mtu. Ukikwamuka kwake, utapata njia ya kwenda Kemondo. Nilijiona nina akili sana.

Tuliomba ruhusa kwa yule mama wa usalama. Saa ya chakula, mtambo umezimwa, bakuli limelala chini, ufunguo uko mfukoni mwangu, nilimwomba baba apande. Nilidhani atakataa. Alinitazama, akamtazama opereta, akapanda zile ngazi za chuma na viatu vyake vya kanisani, taratibu, opereta akimwelekeza pa kushika. Akaketi kwenye kiti. Kutoka chini alionekana mdogo sana mle ndani.

Nilikwenda nyuma, mbali, nikapunga mkono.

"Tata, unaniona?"

"Nakuona," alijibu kutoka dirishani. "Nakuona vizuri sana." Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi.

Nikasogea. Nikasogea tena.

"Unaniona?"

"Naona kofia."

Nikasogea mpaka mahali alipokuwa wifi yangu. Napajua, sitapasahau. Nikapiga magoti kwenye kifusi.

"Sasa, tata?"

Nilisikia kiti kikilia akijigeuza. Akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akageuka nyuma kabisa akashika kiti kwa mikono miwili. Alipoita, ile sauti ya kesi haikuwemo tena.

"Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi? Mbona sikuoni? Uko wapi, mwanangu?"

"Niko nyuma yako. Nimepiga magoti."

Alikaa mle ndani muda mrefu. Aliposhuka, opereta alimpa mkono kumsaidia hatua ya mwisho, na baba aliushika, akaendelea kuushika hata alipokuwa ameshakanyaga chini. Akamwambia kwa Kiswahili, ili asikie vizuri, "Nisamehe, baba. Hukuona. Nimekuchafua bure." Yule mtu mnene wa Singida alilia kama mtoto, mbele ya malori yote.

Kisha baba akaenda akasimama pale aliposimama siku ile, mwanzo wa njia ya nyasi. Akaugeukia mtambo. Akautazama, akautazama, akashusha macho mpaka pale nilipokuwa nimepiga magoti, akayainua tena. Nilidhani anasali. Nilifurahi. Nilimwambia opereta kwamba sasa mambo yatakwenda, nikampulizia filimbi ya mzaha ili acheke.

Usiku huo baba hakula. Kesho yake hakuja machimboni, na Jumapili hakwenda kanisani, jambo ambalo hakulifanya hata wiki aliyomzika mama. Nilimpelekea kahawa, alisema iweke hapo. Wanawake wa jirani walipokuja kumwamkia alitoka kwa mlango wa nyuma akajificha kwenye migomba. Nilimwona kwa macho yangu, baba yangu, amesimama katikati ya migomba, anasubiri watu waondoke ili wasimpigie magoti. Nilikasirika. Nilifikiri: tumemwondolea chuki, anataka nini tena? Kaka yangu alisema labda ni uzee. Mimi nilisema ni ukaidi. Hakuna kati yetu aliyejiuliza, kama aliyekuwa juu hakuona, basi ni nani aliyekuwa pale mwenye macho.

Ilipita wiki mbili au zaidi. Asubuhi moja nilimkuta amevaa koti lake la harusi za watu, mkungu wa ndizi umeshafungwa, na kahawa ya kutafuna imewekwa kwenye kifuko kama mtu anayekwenda kuposa.

"Vaa," aliniambia. "Twende Kemondo."

Njia nzima alishika kile kifuko magotini. Nilijaribu kuzungumza, nikaacha. Nilikuwa na hofu, sikujua ya nini. Tulipoanza kuteremka na ziwa likaonekana, aliniuliza kitu kimoja tu: kama magongo yanamuumiza kwapani. Nikamwambia yalimuumiza mwanzoni.

Nyumba ya mama yake iko juu kidogo ya bandari, na kelele za wapakiaji zinafika uani. Wifi yangu alikuwa kwenye benchi kivulini, anachagua mchele. Alipomwona baba anaingia alishtuka, mchele ukamwagika. Akayachukua magongo, akainuka. Nikaona uso wake, nikajua anachotaka kufanya, lakini nilikuwa na mkungu kichwani, sikuweza kumkimbilia.

Aliliweka gongo moja chini. Akashika lile jingine kwa mikono miwili, akaanza kushuka nalo, akitetemeka, akilitafuta goti lake moja lililobaki. Mama yake alikimbia kumshika, yeye akamsukuma mama kwa bega. Alitaka afike chini mwenyewe.

"Simama!"

Sijawahi kumsikia baba akipiga kelele namna ile, si kwetu, si kwa ng'ombe. Wapakiaji walio chini waligeuka. Wifi yangu aliganda katikati, si chini wala juu, na machozi yakamtoka, maana alidhani anafukuzwa.

"Simama, mwanangu," baba alisema. Kelele ilikuwa imemwishia. "Usishuke. Siku ile niliuona ule mtambo. Wewe ulikuwa umeupa mgongo, mimi nilikuwa nautazama. Niliuona unakuja. Nikajua aliye juu anakuona, atasimama, nikaona haifai kukukatiza. Nikawa naitika. Nimekwenda nikakaa kwenye kiti cha yule mtu. Hakuona kitu. Pale tulikuwa na mtu mmoja tu aliyeona, na yeye alikuwa anasubiri umalize kumwamkia."

Mama yake wifi alikaa chini palepale kwenye mchele.

"Neno lenyewe ni hilo moja," baba alisema. "Simama. Ningekuambia hilo, ungekuwa na miguu yako. Sikuingia wodini kwa sababu nilijua utanipa salamu."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kumwambia kwamba si yeye, kwamba ni fomeni, ni kengele tuliyoacha kuisikia, ni sisi sote tuliokaa kwenye vikao vya asubuhi tukitikisa vichwa. Yote hayo ni kweli, na nimeyasema mara nyingi tangu siku hiyo, kwa wafanyakazi wapya, kwa sauti kubwa. Lakini pale uani niliona hayakuwa yangu kusema.

Wifi yangu alijisukuma kwa lile gongo mpaka akanyooka. Ilimchukua muda, na baba hakumsogelea. Akafuta uso kwa kiganja. Akamtazama baba machoni, jambo ambalo mkwe wa kwetu halifanyi, akiwa amesimama wima kwa mguu mmoja.

"Kasinge, waitu," akamwamkia.

Baba alifungua mdomo kuitika, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

Wifi yangu akasubiri. Alipoona hatapata jibu upesi akanigeukia mimi, na sauti yake ya bandarini ikarudi yote.

"Na wewe unasimama nini na mkungu kichwani? Ingia ndani ukanifungie nguo. Baba anaitika, akimaliza tunakwenda nyumbani."